Mtoto Aliyedondoka Mikononi mwa Mlezi

Andiko: 2 Samweli 4:4 na 9:1–13, Marko 9:14–27

Leo sitaanza na andiko. Nitaanza na kosa langu, halafu tufungue Biblia pamoja.

Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema. Wengi wenu mnakumbuka, na wengine wenu mliishi ndani ya hayo mahema. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa nchini, na laki kadhaa wakawa wamefukuzwa makwao. Mimi sikuwa mchungaji wakati huo. Nilikuwa mwalimu wa Shule ya Jumapili, kijana mwenye moto, wa kufunga na kukesha. Kanisa tulilokuwa tukiabudu lilipokea watoto kutoka kambini kila Jumapili asubuhi. Tuliwapa uji, tukawafundisha mapambio.

Kati yao alikuwa mvulana wa miaka saba hivi. Jina lake silitaji. Huyo mtoto alinisumbua jamani. Tukianza makofi na ngoma, yeye yuko chini ya benchi. Ukimgusa bega kutoka nyuma, anageuka na ngumi. Tukigawa mkate, wake hali, anauficha ndani ya shati, na mwenzake akisogea karibu anamuuma. Siku moja akina mama walikuwa wakipika nje kwa kuni, upepo ukaleta moshi darasani. Mtoto akapiga mayowe, akakimbilia mlango, akamwangusha msichana mdogo aliyekuwa njiani, yule msichana akapasuka mdomo.

Nilifanya nini? Nilimchapa fimbo tatu mbele ya wenzake. Kisha nikaita walimu wengine wawili, wanaume kama mimi, tukamzunguka, tukamwekea mikono kichwani, tukaanza kukemea roho ya ukaidi kwa sauti ya juu. Mtoto alitetemeka. Akajikojolea. Halafu akanyamaza kabisa, akawa kama gogo. Tukasema haleluya. Tukaandika kwenye daftari kwamba amefunguliwa.

Jumanne nyanya yake akaja kanisani. Hakuja kugombana. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akaweka mkoba wake magotini, akaniambia, “Mwalimu, huyu mtoto alikuwa chini ya kitanda wakati nyumba inachomwa. Wanaume waliingia wakipiga kelele, wakamzunguka babake. Mimi nilimtoa mtoto kwa dirisha, moshi umejaa. Nimeona ni vizuri ujue.”

Nilitafuta la kusema nikakosa. Nilimpa nauli. Wiki mbili baadaye nilibeba kilo moja ya sukari nikaenda kambini kuomba msamaha, nikaambiwa wamehamia kwa jamaa, na hakuna aliyejua ni wapi. Yule mtoto sasa ni mtu mzima. Sijamwona tena.

Mbona nawaambia leo? Ni kwa sababu mwezi uliopita kanisa hili lilifanya mafunzo ya siku tatu kwa wote wanaoshika watoto: walimu wa Shule ya Jumapili, walezi wanaohudumu katika makao ya watoto, na ndugu zetu wanaojitolea mtaani kumsaidia afisa wa watoto. Afisa huyo alikuja, na mshauri nasaha akaja. Mimi niliketi kiti cha nyuma na daftari, kama mwanafunzi. Na baadhi yenu mlikuja kuniuliza nje, “Mchungaji, haya mambo ya kiwewe cha utotoni si ni ya wazungu? Neno la Mungu halitoshi?” Swali zuri. Basi tufungue Neno.

Alidondoka akiwa amebebwa

Katika 2 Samweli 4:4 kuna mstari mmoja uliopachikwa katikati ya habari za vita. Unaweza kuupita kama unasoma mbio. Sauli na Yonathani wamekufa. Habari zimefika nyumbani. Yonathani ana mwana wa miaka mitano, Mefiboshethi. Yaya anamnyakua mtoto, anakimbia, na katika ile haraka mtoto anaanguka. Tangu siku hiyo akawa kilema wa miguu yote miwili.

Nataka uone jambo moja. Biblia haisemi adui ndiye aliyemlemaza. Hakuna Mfilisti aliyemgusa. Alilemaa kwa sababu ya mtu aliyempenda, mtu aliyekuwa akijaribu kumwokoa, na ambaye katika hofu na haraka hakumshika vizuri.

Walimu, walezi, tunaelewana? Mtoto anaweza kuokolewa kutoka kwa moto akaja kudondoka mikononi mwetu. Moto hatukuuwasha sisi, na tulikuwa na nia njema kabisa. Mimi nilikuwa na nia njema, nilikuwa nimefunga siku tatu. Lakini nia njema haikunifundisha namna ya kumshika yule mtoto.

Ndiyo maana tunafunza watu. Hatumpi mtu ufunguo wa basi la kanisa kwa sababu anampenda Yesu. Tunauliza, umesomea udereva? Leseni iko wapi? Lakini watoto arobaini tunampa mtu yeyote aliyekosa nafasi katika kwaya. Hiyo nayo Mungu atusamehe.

Jeraha lilikua pamoja naye

Mefiboshethi anaporudi katika sura ya 9 ameshakuwa mtu mzima, ana hata mwana anayeitwa Mika. Miaka imepita. Lakini tazama anavyoishi. Amejificha Lo-debari katika nyumba ya mtu mwingine, mjukuu wa mfalme huyo. Anapoitwa mbele ya Daudi anaanguka kifudifudi, na anajilinganisha na mbwa aliyekufa. Sikiliza mtu anavyojitaja utajua alidondoka wapi.

Na watu wanamjuaje? Daudi anapouliza kama kuna aliyebaki wa nyumba ya Sauli, Siba anajibu kwamba yuko mwana wa Yonathani, kilema wa miguu. Hataji jina, anataja jeraha. Sisi hatufanyi hivyo? “Yule mkojozi.” “Yule mwizi wa mandazi.” “Yule wa mama mlevi.” Kwenye faili za watoto tunaandika mkaidi, mwongo, hashiki masomo. Mshauri nasaha alituambia tubadilishe swali. Badala ya kuuliza mtoto ana shida gani, tuulize amepitia nini.

Akatueleza kwa lugha rahisi. Ndani ya ubongo kuna king'ora cha hatari. Mungu alikiweka kwa wema, ndicho kinachokufanya uruke pembeni matatu ikija kwa kasi. Kikilia, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, na ile sehemu ya kufikiri na kutii maagizo inapoteza nguvu kwa muda. Kwa mtoto aliyekaa salama king'ora kinalia na kunyamaza. Kwa mtoto aliyeishi katika hatari, kinaweza kulia kwa kitu kidogo tu: moshi wa jiko, mlango uliobamizwa, harufu ya pombe, mkono ulioinuliwa. Mtoto hachagui. Mwili unamchagulia, na mara nyingi unafanya moja kati ya matatu: unapigana, unakimbia, au unaganda.

Nilipoandika neno “unaganda”, kalamu ilisimama. Wapendwa, yule mvulana wa 2008 alifanya yote matatu, na yote matatu nilikuwa nimeyapa jina la pepo. Alipiganisha wenzake, nikasema ukaidi. Alikimbia moshi, nikamchapa. Tukamzunguka wanaume watatu tukipiga kelele, kama wale waliomzunguka babake, akaganda, nikaandika kwamba amefunguliwa.

Jambo hili si la wazungu. Utafiti wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya 2019 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 kuhusu utoto wao. Karibu nusu ya wasichana, na zaidi ya nusu ya wavulana, walisema walifanyiwa ukatili wa aina fulani kabla ya kufika miaka 18. Hesabu safu uliyoketi. Na huko Marekani, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walianza mwaka 1998 kuchapisha matokeo ya utafiti ambao kwa jumla ulihusisha watu wazima zaidi ya 17,000. Waliona kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za mateso utotoni, ndivyo hatari ilivyopanda ya kuzama katika ulevi na huzuni nzito, ya kujaribu kujiua, hata ya magonjwa ya moyo ukubwani. Mefiboshethi angewaambia hilo bila utafiti.

Lakini usikate tamaa. Hatari si hukumu. Tulifundishwa pia kwamba kinachomsaidia sana mtoto wa namna hii ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja anayemjali na asiyebadilika-badilika. Sasa tazama alichofanya Daudi.

Mfalme alimwita kwa jina, akampa kiti

Kwanza, Daudi alimtafuta. Hakungoja Mefiboshethi aje ofisini. Pili, alimwita kwa jina. Siba alisema kilema, mfalme akasema Mefiboshethi. Tatu, neno la kwanza la kumtuliza lilikuwa asiogope. Mtu ambaye king'ora chake kinalia hawezi kusikia mafundisho, kwa hiyo usalama unakuja mbele ya somo. Nne, alimpa nafasi mezani, na si siku moja ya sherehe na kamera. Alikula mezani pa mfalme daima. Kilichomponya yule mtu ni chakula kilekile, kiti kilekile, uso uleule, kila siku.

Na sura inafungaje? Inasema alikuwa kilema wa miguu yote miwili. Baada ya meza yote hiyo! Sisi Wapentekoste tungependa mstari wa mwisho useme aliruka akacheza. Mungu anaweza, na tunaomba. Lakini Daudi hakumwambia, “Ukishatembea ndipo utakula.” Kuna mtoto ambaye atakojoa kitandani mwaka mzima ukimpenda. Endelea kumpa kiti chake.

Je, na maombi ya kufunguliwa?

Najua hapa ndipo wengine wenu mmeshika viti. Msiwe na wasiwasi, mchungaji wenu hajaacha imani. Naamini mapepo yapo na jina la Yesu lina nguvu. Lakini fungueni Marko 9. Baba amemleta mwanawe anayeangushwa na pepo. Kijana ameanguka chini mbele ya Yesu, anagaagaa, umati umejaa. Kabla ya kukemea, Yesu anamgeukia baba na kumuuliza amekuwa hivi tangu lini. Baba anajibu, tangu utoto.

Umeona? Mwana wa Mungu, ajuaye yote, aliuliza historia. Alimpa mzazi nafasi ya kueleza moto na maji ambayo mtoto alikuwa ametupwa ndani yake. Na alipomaliza, alimshika kijana mkono akamwinua. Kama Yesu aliuliza, mimi ni nani nikemee kabla ya kuuliza? Si kila mtoto anayelia usiku ana pepo. Mwingine ana kumbukumbu.

Na mkumbuke Eliya alipochoka akatamani kufa, katika 1 Wafalme 19. Malaika hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa tena. Neno lilikuja baadaye, kwa sauti ya upole.

Tunachobadilisha kuanzia Jumapili hii

Wazee wa kanisa tumekaa na tumekubaliana. Haya si maoni:

1. Fimbo imetoka katika idara ya watoto. Katiba yetu, kifungu cha 53, inamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili na adhabu ya kinyama. Kanisa halitakuwa mahali ambapo mtoto anaogopa zaidi kuliko shuleni.

2. Hakuna mtoto atakayezungukwa na kuombewa kwa kelele. Tukimwombea, mlezi wake awepo, tumweleze tunachotaka kufanya, tumuulize kama yuko sawa kuguswa. Akikataa, Mungu atamsikia hata tukiwa tumeketi upande ule mwingine wa meza.

3. Hakuna mtu mzima atakayekaa na mtoto mahali pa faragha ambapo hawaonekani. Walimu wawili, au mlango wazi.

4. Mtoto akikueleza ameumizwa, sikiliza. Usimhoji kama wakili, wala usimwambie anadanganya. Mwambie hajakosea kwa kukuambia. Usimwahidi kwamba utaweka siri, kwa sababu ahadi hiyo huwezi kuitunza. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumlinda. Siku hiyohiyo piga simu 116, ni bure, usiku na mchana, au nenda kwa afisa wa watoto au dawati la jinsia katika kituo cha polisi.

5. Kama ni unajisi, hospitali ni kwanza, na upesi. Dawa za kumkinga mtoto na virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze kabla ya saa 72 kupita. Asioge kwanza, na nguo zake zisifuliwe. Zitie kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, si wa plastiki, uende nazo.

6. Mambo hayo hayatamalizwa nyumbani kwa mbuzi na kiapo, wala ofisini kwangu kwa maombi ya upatanisho. Hata kama anayetajwa ni shemasi. Hata kama ni mwimbaji wetu bora. Hata kama ni mimi. Mkinificha mimi, mtakuwa mmemdondosha mtoto.

Na yule yaya?

Nimemfikiria sana yule yaya. Biblia haimtaji jina. Naye alikuwa amepokea habari za msiba, bwana wake amekufa, yaelekea na yeye aliogopa kuuawa. Miguu yake ilikuwa inatetemeka. Aliyeumia alikuwa amembeba aliye karibu kuumia.

Kwenye mafunzo, mama mmoja anayelea watoto katika makao alisimama akasema, “Usiku niko peke yangu na watoto kumi na wanane. Wakilia wawili kwa pamoja, namwendea anayelia kwa sauti kubwa. Yule anayelia kimya sijui nani humwendea.” Kisha akaketi, akafunika uso kwa leso. Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Mama, kanisa limekusikia. Kuanzia mwisho wa mwezi, mfuko wa huduma za jamii utalipa mtu wa pili wa zamu ya usiku. Na kila mwezi walezi wote mtakutana na mshauri nasaha, si kuandika ripoti, bali kutua mizigo. Najua pia kwamba serikali ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia, ya ndugu au ya kambo. Basi familia za hapa ziko wapi? Tunajua kupeleka unga na sabuni kwenye makao tarehe za Krismasi, tukapiga picha. Daudi hakupeleka unga Lo-debari. Alimleta mtu mezani kwake.

Kwa wale waliodondoka

Namaliza. Kuna mtu hapa ana miaka arobaini na bado analala taa ikiwaka. Mwingine akisikia mume anafungua mlango kwa nguvu, tumbo linamkata. Ulidhani ni upungufu wa imani. Ndugu yangu, dada yangu, ulidondoka. Haikuwa dhambi yako. Mfalme anajua jina lako, na mezani kuna kiti. Njoo tuombe, na pia tutakutafutia mtu wa kuzungumza naye. Hayo mawili hayagombani.

Na kama wewe ndiye uliyedondosha mtoto, kama mimi, usijifiche Lo-debari. Kama bado yuko karibu, nenda ukamwambie, “Nilikukosea.” Usingoje wiki mbili. Mimi nilingoja, nikakuta hema tupu.

Tuombe

Baba, wewe ulisikia sauti ya Ishmaeli chini ya kijiti jangwani, kabla hatujajua kusikiliza. Tufundishe kushika. Waponye watoto wetu, na uwatie nguvu wanaowabeba. Na yule mvulana, Bwana, popote alipo, mpe mtu wa kumwita kwa jina lake. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali kwa ushirika wa nyumbani

1. Ni majina gani ya jeraha tunayowaita watoto katika nyumba zetu na mtaani? Tutawaitaje badala yake?

2. Soma tena Marko 9:21. Kuuliza kabla ya kukemea kungebadilisha nini katika nyumba yako wiki hii?

3. Ni mlezi gani mnayemjua anayebeba peke yake? Kikundi chenu kitampunguzia nini kabla ya Jumapili ijayo?